Kahawa za Mfuko wa Kushoto

Chuo cha Ualimu, Karagwe
14 Machi 1987

Shemeji Elpidius,

Mwambie dada yangu Deodatha kwamba ndizi alizoagiza zitakuja na gari la wiki ijayo, na kwamba sijaoa bado, asiniulize tena. Ya nyumbani yameisha. Sasa nakuandikia wewe mjumbe wa kamati inayoteua timu ya mkoa ya vyuo.

Jumamosi iliyopita tulicheza na vijana wa Rugera. Kipa wao ameng'olewa meno mawili kwa goti la Melkiory, yule mshambuliaji wetu mnayemsifu huko Bukoba. Refa alipopuliza filimbi, mashabiki wetu walimkimbiza mpaka migombani. Alirudi sikio linavuja damu na filimbi hana. Tulimalizia mechi kwa refa kupiga ukelele kila penye faulo, na alipiga ukelele mpaka sauti ikamkauka. Ndio mpira wetu, unaujua. Lakini watu wakipigana mimi nilikuwa nahesabu.

Usicheke. Najaza kahawa za kutafuna kwenye mfuko wa shati, zile kavu za kumpa mgeni. Kipindi cha kwanza namtazama mchezaji mmoja, cha pili mwingine. Pasi ikimfika, akautuliza mpira na kuufikisha kwa mwenzake au golini, kahawa moja inahamia mfuko wa kulia wa koti. Akiupoteza, mfuko wa kushoto. Kushoto ni kwa mabaya tu. Mechi moja imeniharibikia kwa sababu mzee mmoja alikuja kunisalimia, adabu ikanilazimu nimkaribishe kahawa, naye akachota nne na kuzitafuna mbele yangu. Hesabu ile nimeitupa.

Zilizobaki ni mechi tano. Melkiory amepokea pasi themanini na tatu, akatuliza thelathini na tisa, akafunga matano. Tuna kijana mwingine anaitwa Mbonimpa, winga, hakuna anayemjali. Amepokea ishirini na moja, akatuliza kumi na tisa, akafunga matano. Matano yale yale, shemeji! Mmoja kala mipira themanini, mwingine kaokoteza ishirini.

Mbonimpa amezaliwa Kiruruma. Baba yake, Celestin, alitoka Burundi kuja kulima vibarua kwenye mashamba ya kahawa. Kwa hiyo uwanjani wanamwita mkimbizi na pasi hawampi. Nataka umwone. Mwaka ujao atakuwa amehitimu, na nafasi hii haitarudi.

Wako,
Anatory


Bukoba
2 Aprili 1987

Shemeji Anatory,

Deodatha amezipokea ndizi na ameniamuru niandike kwamba mwanamume wa miaka thelathini na minne anayetembea na mifuko mitatu ya kahawa hataolewa na mtu, wala hataoa.

Mimi nakujua tangu vita. Wenzako tulikuwa tumelala kifudifudi mizinga inapita, wewe unahesabu sekunde kati ya mlio na mlipuko, unatutangazia. Ulituokoa mara mbili, sikatai. Lakini mpira si mizinga. Melkiory anaogopwa. Akiingia kwenye boksi mabeki wanalinda meno yao kwanza, goli baadaye. Kamati inapenda mtu wa hivyo, na mimi pia nampenda, nakwambia kweli.

Halafu Melkiory ni mpwa wa mkuu wenu wa chuo. Ukimsukuma huyo Mbonimpa mbele, jiandae kwa vumbi.

Ila kwa kuwa ni wewe, niletee hesabu zote kwenye karatasi, mechi kwa mechi. Nitazisoma.

Shemeji yako,
Elpidius


Karagwe
26 Aprili 1987

Shemeji,

Vumbi limetimka kweli, na nina hasira.

Nilibandika hesabu kwenye ubao wa matangazo. Nilidhani wanachuo wa hisabati watapenda. Siku iliyofuata, saa kumi jioni, Melkiory na wenzake wanne walimvizia Mbonimpa kwenye njia ya kisimani wakampiga mikanda, upande wa chuma. Walimpiga mgongoni na kwenye nyayo, ili asikimbie. Walikuwa wanamwambia, "Hesabu sasa, mkimbizi, hesabu." Nilimkuta amekaa juu ya debe la maji, miguu imevimba, ananiambia ameteleza. Waliokuwa wakichota maji ndio walionisimulia.

Niliwachapa wote watano mbele ya chuo, viboko sita sita, na wao wenyewe wakihesabu kwa sauti kama tulivyofunzwa tangu shule ya msingi. Ukikosea hesabu tunaanza moja. Mmoja alikosea. Nilianza moja kwa furaha, nakiri. Mkuu wa chuo ameniita ofisini na kuniuliza kama nina ugomvi na familia yake.

Siku nane baadaye tulicheza na Kanoni. Mbonimpa alicheza pekupeku, nyayo amezifunga vitambaa, na damu ilipita kwenye vitambaa. Mchezaji mmoja wa Kanoni alimpiga kiwiko cha pua, mwingine akamkanyaga mkono akiwa chini. Nimehesabu: pasi tisa, katuliza tisa, mabao mawili. Mfuko wa kushoto haukuingia kahawa hata moja. Nilitoka uwanjani nikijipapasa mfuko ule kama mtu aliyeibiwa.

Karatasi ya hesabu imo humu. Ya ubaoni niliibandua. Hii ni yako peke yako, shemeji, asiione mwingine. Mama yake, Mukakalisa, alinisimamisha njiani juzi. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hizi namba zako zitampeleka mwanangu timu ya mkoa au zitamuua?" Nimemwahidi zitampeleka.

Anatory


Bukoba
20 Mei 1987

Shemeji mpendwa,

Karatasi nimeisoma mara tatu na umenishinda. Sijapata kuona kitu kama hicho. Nimeifungia kwenye kabati langu, ufunguo uko kwangu, kwa hiyo lala usingizi.

Ratiba imetoka. Fainali ya vyuo vya mkoa ni sisi na ninyi, uwanja wenu, tarehe kumi na tatu Juni. Ndiyo, vijana ninaowafundisha mimi. Kamati nzima itakuwepo kutazama, na siku ile ile tutaandika majina. Mbonimpa akicheza kama hesabu zako zinavyosema, nafasi ya winga ni yake, nakupa neno langu.

Sasa nisaidie ili nikamtetee vizuri mbele ya kamati. Anapenda kupokea mpira akiwa wapi? Mguu gani? Akiwa na beki mgongoni anafanyaje? Wajumbe wataniuliza, na sitaki kubabaika.

Kwetu tuko salama. Vijana wangu wana hamu ya kikombe kuliko chakula. Mwaka jana tulifungwa fainali, na mkuu wetu hajanisahaulisha. Nina beki mpya, Kashaija, mtoto wa wavuvi wa huku kwetu, mrefu na mwenye nguvu. Utamwona.

Elpidius


Karagwe
30 Mei 1987

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa posta, nikacheka peke yangu mpaka karani akanitazama. Asante. Nimemwambia Mbonimpa kamati inakuja. Sikumwambia kwamba nilikutumia karatasi, asije akapata kiburi.

Majibu yako haya. Anaupenda mpira akiwa amegeuzia goli mgongo, hatua kumi hivi kutoka mstari wa pembeni kushoto. Mguu wa kushoto anausimika chini kama mti wa kuegemeza mgomba, uzito wote juu yake, halafu anautuliza mpira kwa kulia na kugeuka. Siri yote iko hapo. Mguu ule wa kushoto hauhami mpaka mpira utulie. Beki akimsukuma hasogei. Waeleze hivyo hivyo.

Na huyo Kashaija wako mwambie ajiandae kukimbizwa.

Anatory


Bukoba
16 Juni 1987

Shemeji Anatory,

Sijui nianzie wapi. Pole sana. Mlio ule niliusikia nikiwa upande wa pili wa uwanja. Deodatha amelia nilipomsimulia, na hamjui hata kijana mwenyewe.

Mpira ni mpira, shemeji. Mguu kuvunjika hutokea. Kashaija aliufuata mpira akachelewa, na yeye ana viatu na mwenzake hana. Refa ameandika ni ajali. Najua utaumia, lakini usiingize mengine.

Mechi ilivunjwa hapo hapo, na yaliyofuata hayakuwa ajali. Watu wenu walilizingira lori letu, wakamshusha Kashaija kwa kumvuta miguu, kichwa kikagonga bodi. Niliona fimbo, niliona miti ya kuegemeza migomba, nikaona mtu na mpini wa jembe. Mawe yalivunja kioo cha dereva. Dereva aliondoa gari, nami nilikuwa ndani, na kijana wangu akabaki chini katikati yao. Sikuweza kumzuia dereva. Nasikia Kashaija yuko hospitali ya misheni huko kwenu, mkono umevunjika mara mbili na mbavu tatu.

Wewe ni mwalimu wa pale, wanakuheshimu. Ulikuwa wapi?

Kamati haijaandika majina. Tunasubiri mambo yapoe.

Elpidius


Karagwe
24 Juni 1987

Elpidius,

Leo sikuiti shemeji.

Nitakueleza nilichohesabu, kwa sababu ndicho ninachojua kufanya. Melkiory, ambaye timu zote za mkoa huu humwekea watu wawili, nyinyi hamkumwekea hata mmoja. Alizurura peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Mbonimpa alikuwa na wawili tangu dakika ya kwanza. Dakika kumi na nane alizocheza, alipokea pasi nne. Nne zote alizituliza. Na katika pasi hizo nne alipigwa mateke saba, na yote saba ni mguu wa kushoto. Hakuna hata teke moja lililoenda kulia, na mguu wa kulia ndio uliokuwa na mpira! Hiyo siyo ajali. Mtu anayefuata mpira akachelewa hupiga mguu wenye mpira.

La saba ndilo lililouvunja, chini ya goti. Mfupa ulitoka nje ya ngozi. Nilikuwa hatua chache tu.

Duniani watu wawili tu walikuwa wanajua habari ya mguu ule wa kushoto. Mmoja ni mimi. Nataka uniandikie kwa mkono wako ulimwonyesha nani karatasi yangu na ile barua ya majibu.

Kuhusu Kashaija, sikuona. Nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika kichwa cha Mbonimpa mapajani mwangu mpaka Landrova ilipofika. Kelele nilizisikia, basi. Usinitwike na hilo.

Anatory Polikarpi


Bukoba
3 Julai 1987

Anatory,

Unataka nikiri, nakiri. Nilisoma karatasi yako na barua yako ya mguu wa kushoto mbele ya timu yangu. Si yote. Nilikuwa nimezifungia kweli, wiki nzima nilikuwa nalipita lile kabati. Kisha mkuu wetu akaniambia nikifungwa tena nirudi kufundisha stadi za kazi, nikazitoa.

Nilisema mmoja tu wa kuzuiwa ni huyu. Nilisema mguu wake wa kushoto ndio unaomshikilia, msimwache ausimike. Nilisema mzuieni. Neno vunja halikutoka kinywani mwangu. Kijana wa miaka ishirini mwenye nguvu kama zile ukimwambia zuia, na anataka kukupendeza, unajua atafanya nini. Nilijua pia. Lakini sikulisema.

Nimemwambia Deodatha. Amehamia chumba cha watoto.

Wewe una haki ya kunichukia. Unayo, kwa sababu ulikuwa umemshika kijana wako na mimi nilimwacha wangu barabarani. Kwa hilo umenizidi, na nitakufa nikilijua.

Elpidius


Hospitali, Karagwe
19 Julai 1987

Kwa Mwalimu Anatory na Mwalimu Elpidius,

Shikamooni walimu wangu. Barua hii nimeinakili mara mbili, maneno ni yale yale, kila mmoja apate yake. Muda ninao.

Mimi Mbonimpa niko kitanda cha sita. Mguu umefungwa chuma na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda. Daktari amesema nitatembea. Nilimuuliza kuhusu kukimbia akaanza kusifia hali ya hewa. Basi nimeelewa.

Kitanda cha saba yuko Kashaija. Hawakujua sisi ni nani, wametuweka pamoja kwa kuwa wote ni mifupa. Siku tano za kwanza tuligeuziana migongo. Siku ya sita muuguzi Felicitas alichelewa, na yeye kwa mkono mmoja alinisogezea bakuli, nikala. Tangu hapo tunaongea. Mama anamletea uji yeye pia, kwa sababu mama yake yuko mbali na hana wa kumtuma. Mama haongei naye. Anaweka kikombe na kuondoka.

Mwalimu Elpidius, Kashaija ameniambia habari ya karatasi. Anasema ulichora picha ubaoni, mguu wa kushoto peke yake, ukaweka alama ya chaki chini ya goti. Ukawauliza, "Nani ana viatu vyenye njumu za chuma?" Yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Anasema alinyoosha kwa furaha, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa kitu darasani akawa na jibu.

Sijamsamehe. Nimemhesabu tu. Nilikuwa naye ubavuni dakika kumi na nane, nikaona, kwa sababu mwalimu wangu amenifundisha kutazama. Mipira sita ilimfika, na sita yote aliituliza kwa mguu mmoja na kuipeleka kwa mwenzake. Hakuna aliyemtazama kwa hilo. Walimtazama urefu na viatu. Mkono wake utapona mwezi wa tisa, na miguu yake ni mizima. Kama kamati bado inatafuta mtu wa kupokea mpira, jina lake ni hilo. Mimi namwandika kwa kuwa namba zake ni za kweli. Mkikataa ni juu yenu.

Sasa Mwalimu Anatory. Koti lako ninalo. Nakumbuka vizuri siku ile, maumivu hayakunizimisha. Mama ndiye aliyenishika kichwa tangu nilipoanguka. Wewe ulikwenda barabarani watu walipokwenda, ukarudi wao waliporudi, na Landrova ilipofika ukanifunika koti ukisema nisiogope baridi. Ulikuwa unatetemeka kuliko mimi.

Juzi nilitaka mama alifue, nikapapasa mifuko kwanza. Kulia kulikuwa na kahawa nne. Hizo ni pasi zangu, nilifurahi kuziona. Nilitegemea kushoto pawe patupu, kwa sababu mpira sikupoteza hata mmoja. Kushoto kulikuwa kumejaa. Nilizimwaga juu ya shuka nikazihesabu mara mbili, thelathini na moja. Nilidhani labda umemhesabia Melkiory, lakini kipindi cha kwanza ulikuwa unanihesabu mimi, na cha pili hakikuchezwa.

Nilimuuliza Kashaija kama anakumbuka alipigwa ngapi. Alisema anakumbuka. Shuleni kwao walifunzwa kuhesabu kwa sauti, na akiwa chini ya zile fimbo mdomo ulikuwa unahesabu wenyewe, akiogopa kwamba akikosea wataanza moja. Alifika thelathini na moja ndipo wakaacha. Anasema kuna mwalimu alikuwa amesimama karibu kabisa, mkono mfukoni, na alimtazama yule mwalimu muda wote kwa sababu alidhani mwalimu atasema basi.

Koti limefuliwa, liko juu ya kiti. Mnaweza kuja kulichukua, saa za kuwaona wagonjwa ni tisa mpaka kumi na moja jioni. Mpaka leo hamjaja, wote wawili. Kahawa hatukuzitafuna. Nimeziweka kwenye bahasha ya Mwalimu Anatory, thelathini na moja zote, na zile nne zangu nimebaki nazo.

Mwanafunzi wenu,
Mbonimpa Celestin